Bob Carver, saa 48 na amplifaya ya dola elfu sita: rangi ya sauti inatoka wapi?

Mwaka 1985 mhandisi wa Marekani aitwaye Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile jambo ambalo kwa wapenzi wa vyombo vya muziki vya bei kubwa lilikuwa ni kufuru. Nileteeni amplifaya yoyote mnayoiamini, ya bei yoyote, nami nitaifanya yangu ya bei ya chini itoe sauti ileile mpaka mshindwe kuzitofautisha. Wahariri wakakubali, wakampa saa 48.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na kila upande huchukua kipande unachokipenda. Wanaoshikilia kwamba amplifaya zote ni sawa hukitumia kuwacheka waliolipa maelfu ya dola. Wanaoshikilia kwamba sikio ndilo hakimu wa mwisho hurukia yaliyotokea miaka miwili baadaye, nakala za kiwandani zilipofika mezani. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimelipita jambo lenye uzito kuliko yote. Sauti ambayo wahakiki walikuwa wakiieleza kwa maneno ya kishairi ilipatiwa chanzo, ikapimwa, kisha ikahamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine. Ukiufuata mwendo huo hatua kwa hatua, unajifunza kuhusu kuhukumu sauti kuliko unavyoweza kujifunza kwenye mabishano ya miaka mingi.

Carver hakuwa mgeni wa fani. Kampuni yake ya kwanza, Phase Linear, ilipata jina kwa amplifaya za nguvu kubwa ambazo mtu wa kipato cha kati aliweza kuzinunua. Modeli ya 700 ilitoa wati 350 kila upande. Baadaye akaanzisha Carver Corporation, akatoa M-400, kijisanduku unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja lakini chenye wati 200 kila upande. Umaarufu huo ulimpa soko na pia ukamponza. Kwenye duru za sauti ya hali ya juu, uzito wa transfoma na unene wa bati la mbele vilikuwa sehemu ya heshima ya chombo, na amplifaya nyepesi ya bei nafuu ilihukumiwa kabla haijawashwa.

Upande wa pili alikuwepo J. Gordon Holt, aliyeanzisha Stereophile mwaka 1962. Holt alikuwa amechoshwa na magazeti yaliyokuwa yakichapisha vipimo vya maabara na kukiita kila chombo kizuri. Yeye alikaa chini, akasikiliza muziki, akaeleza kwa maneno alichokisikia, na sehemu kubwa ya msamiati ambao wahakiki wa sauti wanautumia hadi leo umetokana na kazi yake. Kigezo chake kilikuwa kimoja: ala halisi zikipigwa ukumbini bila kupitia umeme. Pamoja naye alikuwepo Larry Archibald, aliyelinunua jarida mwaka 1982 na kuliendesha kutoka Santa Fe, New Mexico. Hawa hawakuwa watu wa kudanganyika kirahisi, wala hawakutarajia Carver ashinde. Likumbuke hilo, maana lina uzito katika hukumu ya mwisho.

Chombo cha mfano kilikuwa jozi ya amplifaya za valvu, zile taa za kioo za vyombo vya zamani, moja kwa kila upande wa stereo, bei yake ikipita dola 6,000 kwa jozi. Jarida lilificha jina lake wakati ule. Baadaye ikajulikana kuwa ni Conrad-Johnson Premier Five, miongoni mwa zilizoheshimiwa sana siku hizo. Carver alikuja na M-1.0, amplifaya ya transista, vile vipande vidogo vya elektroniki vilivyochukua nafasi ya valvu, isiyofika dola elfu moja. Hakuruhusiwa kufungua kifuniko cha ile ya mfano wala kuona kilichomo ndani. Alichopewa ni terminali za kuingizia na za kutolea tu. Karakana yake ikawa chumba cha moteli.

Sasa tuje kwenye mbinu, kwa sababu hapo ndipo penye utamu wote.

Chukua amplifaya mbili. Zipe muziki uleule kutoka chanzo kimoja, kila moja ikiwa na mzigo wake, yaani spika inayoiendesha, kisha rekebisha viwango hadi vilingane. Halafu chukua spika nyingine ndogo. Waya wake mmoja uunge kwenye terminali nyekundu ya amplifaya ya kwanza, na wa pili kwenye nyekundu ya amplifaya ya pili. Ikiwa volteji za pande hizo mbili zinapanda na kushuka pamoja kila wakati, hakuna umeme utakaopita kwenye ile spika, nayo itanyamaza. Chochote kinachosikika humo ni tofauti kati ya amplifaya hizo mbili, ikiwa imetengwa na muziki wenyewe. (Usijaribu nyumbani kama hujui waya wa chini wa amplifaya zako umeungwaje, baadhi yake zinaweza kuungua.)

Kina cha kimya hicho hupimwa kwa desibeli, kipimo cha kulinganisha viwango vya sauti. Kikifika desibeli 70, mabaki ya tofauti ni takribani sehemu moja kati ya 3,000 za volteji. Kufika huko ni kazi ngumu mno. Tofauti ya kiwango ya desibeli 0.1 peke yake, hata kama kila kitu kingine ni sawa kabisa, inatosha kuzuia kimya kisipite desibeli 39. Wimbi moja likichelewa kwa digrii moja tu nyuma ya jingine, kimya kinagota kwenye 35. Kwa hiyo anayepata 70 amelinganisha kiwango, wakati, besi, sauti za juu na makosa yote ya chombo kwa mpigo mmoja. Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji ujue mapema unatafuta tofauti ya aina gani. Chombo cha kupimia kinachopima jambo moja kinaweza kukosa jambo jingine, lakini ukitoa ishara moja kutoka nyingine hakuna kitu kinachoweza kujificha.

Carver aliingiza ndani ya M-1.0 vidhibiti vidogo vya kuzungusha, kila kimoja kikiathiri tabia fulani ya amplifaya. Akawa anazungusha na kusikiliza mabaki, mpaka yakafifia. Alipomaliza, alipima thamani ya kila kidhibiti na kuweka vipuri vya kudumu vya thamani hiyo.

Sasa tazama alichokuwa akikifanya kwa kweli. Kwa vipimo vya kawaida, M-1.0 ilikuwa nyoofu kuliko amplifaya ya valvu: upotoshaji mdogo zaidi, mwitikio wa masafa (usawa wa sauti kutoka za chini hadi za juu) ulionyooka zaidi, na uwezo mkubwa zaidi wa kuidhibiti spika. Ili ifanane na ile ya dola 6,000, ilibidi aipunguzie unyoofu huo. Aliishusha amplifaya yake, kwa hesabu na kwa makusudi, hadi ikapata kasoro zilezile ambazo watu walizipenda, yaani rangi ya sauti yake.

Kasoro kubwa kuliko zote ni ukinzani wa ndani wa amplifaya, ule unaokaa kati ya sakiti na terminali za spika. Amplifaya nzuri ya transista huwa na ukinzani mdogo sana, tuseme omu 0.05 (omu ni kipimo cha ukinzani). Ya valvu hupitisha sauti kwenye transfoma ya kutolea, na hutumia mrejesho mdogo zaidi wa kujisahihisha, hivyo ukinzani wake unaweza kukaribia omu moja au hata kuipita. Omu moja inaonekana si kitu. Lakini spika iliyoandikwa omu 8 nyuma yake haina omu 8 kila mahali. Chukua spika ya mfano ambayo kwenye masafa fulani inashuka hadi omu 4, na kwenye masafa ya mwangwi wa kasha lake, pale chini kwenye besi, inapanda hadi omu 30.

Ukiiunga na amplifaya yenye omu 0.05, penye omu 4 unapoteza desibeli 0.1 na penye 30 hupotezi kitu cha kuhesabika. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili haifiki desibeli 0.1, na hakuna sikio litakaloiona. Ukiiunga spika hiyohiyo na amplifaya yenye omu moja, penye omu 4 unapoteza desibeli 1.9, penye 30 unapoteza 0.3. Sasa besi imesimama juu ya sehemu nyingine kwa zaidi ya desibeli moja na nusu, na kila kilima na bonde kwenye grafu ya ukinzani wa spika kimechorwa upya ndani ya muziki. Desibeli moja na nusu kwenye eneo pana inasikika waziwazi. Msikilizaji ataandika kwamba besi ni nono, kwamba mwimbaji amesogea mbele, kwamba sauti ina joto. Anasema kweli. Kinachompotosha ni kudhani kwamba joto hilo linakaa ndani ya amplifaya peke yake.

Hili nalisisitiza kwa sababu wanunuzi wanapotezewa fedha hapa kila siku. Chukua spika za Magnepan, zile za paneli bapa, ambazo ukinzani wake karibu haubadiliki toka chini hadi juu. Ziunge na amplifaya ileile ya valvu, na rangi nyingi ya namna hii itatoweka. Utapata sauti iliyopungua kiwango kidogo tu, sawasawa kila mahali. Mhakiki mwenye spika za paneli na mhakiki mwenye spika za kasha wanaweza kuiandikia amplifaya moja habari mbili zinazopingana, wote wakiwa waaminifu na wote wakiwa na masikio mazuri. Sifa ya amplifaya inayotajwa bila kutaja spika iliyounganishwa nayo ni nusu ya habari.

Rangi ya pili ni upotoshaji wa valvu wenyewe. Valvu zikipigishwa kwa nguvu huongeza sauti ambazo hazikuwepo, hasa ile iliyo oktavu moja juu ya noti halisi. Noti ya hezi 440 inapata kivuli cha hezi 880. Kwa kuwa oktavu inapatana na noti yake, sikio hulipokea jambo hili kwa upole, wakati mwingine kwa furaha. Kwenye viwango vya kawaida vya kusikiliza jambo hili huwa na uzito mdogo kuliko lile la ukinzani.

Alipowaletea wahariri kazi yake mara ya kwanza, Carver hakufua dafu. Walisikiliza, wakasema bado hazifanani. Akarudi kwenye mabaki, akaendelea kuyafukuza. Hatimaye kimya kikafika desibeli 70, naye akawaita tena. Safari hii Holt na Archibald waliitafuta tofauti kwa bidii, kwa rekodi walizozijua, kwa vyombo vyao, ndani ya chumba chao, wakaikosa. Wakaandika hivyo kwenye jarida lao wenyewe, na kwa hilo nawaheshimu sana, kwa kuwa matokeo yale yalikuwa yanagusa msingi wa kazi yao.

Kukwama kule kwa mwanzo ndiko wengi wanakokuruka, na kwangu kuna thamani sawa na ushindi wenyewe. Kunaonyesha kwamba masikio yale yalifanya kazi. Pale tofauti ilipokuwa bado kubwa, walisikia. Ilipozikwa chini kabisa, hawakusikia. Jaribio ambalo wasikilizaji hawasikii tofauti hata mara moja huacha shaka kwamba labda walikuwa wamechoka, au chumba kilikuwa kibaya. Hapa chumba kilekile na watu walewale walitoa majibu mawili, na majibu hayo yakafuata kipimo. Tena matarajio yao yalikuwa dhidi ya Carver. Mtu anayetamani kusikia tofauti, na kwa kawaida anaisikia, akikiri kwamba haipo, ushahidi wake ni mzito.

Carver aliligeuza tukio kuwa bidhaa. Alitoa M-1.0t, ile herufi ya mwisho ikionyesha kwamba tabia ya chombo cha mfano imehamishiwa humo. Hakuwa ameanza na Stereophile. Alishafanya kazi ya namna hiyo na jarida la The Audio Critic, ambako mfano ulikuwa Mark Levinson ML-2, amplifaya ya transista ya wati 25 tu iliyokuwa ikiogopwa kwa bei yake na kuheshimiwa kwa sauti yake. Huko nako zikazaliwa nakala za kuuza.

Mwaka 1987 Stereophile ikaichukua M-1.0t ya kiwandani na kuilinganisha upya na chombo cha mfano. Safari hii kimya hakikufika 70. Kilicheza karibu na 36, na wahakiki wakasema wanasikia tofauti. Uhusiano ukachacha, kampuni ikaenda mahakamani dhidi ya jarida, na kesi ikaishia kwenye maelewano.

Je, 36 inamaanisha Carver alishindwa? Rudi kwenye hesabu. Kimya cha desibeli 36 ndicho unachokipata amplifaya mbili zikipishana kwa desibeli 0.14 tu, au wimbi likichelewa kwa karibu digrii moja. Rizista, vipuri vidogo vya ukinzani, za kawaida za kiwandani huruhusiwa kukosea thamani yake kwa asilimia moja hata tano. Valvu za chombo cha mfano nazo huchakaa, na kila seti mpya ina tabia yake kidogo. Kwa hiyo kutarajia nakala ya kiwandani ifike 70 dhidi ya amplifaya ya valvu iliyotumika miaka miwili ni kutarajia kisichowezekana, na Premier Five mbili tofauti zisingefika huko zenyewe kwa zenyewe. Hata hivyo siwezi kuwatupa waliosema wamesikia tofauti. Kipimo cha 36 hakisemi tofauti imekaa wapi. Ikiwa ni pengo la kiwango lililotandazwa sawasawa kwenye masafa yote, haisikiki kama rangi. Ikiwa imelundikana kwenye besi, huenda inasikika. Namba moja haitoshi hapa. Inahitajika grafu inayoonyesha mabaki kwenye kila masafa.

Carver alifanya jambo moja la busara ambalo halitajwi vya kutosha. Angeweza kuiga besi ile kwa kichujio ndani ya amplifaya, na ingefanana kwenye spika moja tu. Yeye aliinua ukinzani wenyewe wa kutolea. Ndiyo maana nakala, ikiungwa na spika nyingine, inabadilika pamoja na chombo cha mfano na kuelekea upande uleule. Alikinakili chanzo, na matokeo yakafuata yenyewe.

Kwa anayetaka kuhukumu amplifaya mbili leo, iwe sebuleni au dukani, kisa hiki kinamwachia kazi inayofanyika kwa kifaa cha bei ndogo. Chukua volta mita. Cheza toni ya hezi 1,000, pima volteji kwenye terminali za spika, na uweke amplifaya zote mbili kwenye volti 2.83, ambazo kwa omu 8 ni wati moja. Zikipishana kwa volti 0.03 tayari umefika desibeli 0.1, na huo ndio mpaka ninaoukubali. Bila hatua hii, iliyo juu kidogo itaitwa yenye uhai na undani zaidi, na hakuna atakayejua kwamba alichokisifia ni volyumu. Kisha mwombe mtu mwingine abadilishe waya bila kukuambia ni ipi inapiga. Na utafute grafu ya ukinzani wa spika zako kabla hujasoma uhakiki wowote wa amplifaya ya valvu. Itakueleza nyumbani kwako itasikikaje kuliko kurasa kumi za sifa.

Carver mwenyewe hakuichukia rangi. Baadaye alitengeneza Silver Seven, amplifaya kubwa za valvu za wati 375 zilizouzwa zaidi ya dola 17,000 kwa jozi, kisha akahamishia tabia zake kwenye M-4.0t ya transista. Kwake rangi ilikuwa kitu cha kuchaguliwa, na mtu akishajua inatokana na nini, bei yake inaweza kushuka. Holt naye, katika mahojiano ya mwaka 2007 na jarida lake la zamani, alilalamika kwa uchungu kwamba fani ya sauti ya hali ya juu imejivunjia heshima kwa kukataa majaribio ambayo msikilizaji hajui anasikiliza chombo kipi. Maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyeijenga desturi ya kuhakiki kwa sikio.

Kuna swali moja ambalo zile saa 48 hazikuliuliza. Shindano lilikuwa kufanana na amplifaya nyingine. Kigezo cha Holt mwenyewe tangu mwanzo kilikuwa kufanana na ala halisi ukumbini, na kwa kigezo hicho chombo cha dola 6,000 kilipaswa kuwa mshtakiwa kama kingine chochote. Hakuna aliyeiweka M-1.0 ya awali, kabla haijaguswa, mbele ya ishara iliyotoka kwenye maikrofoni na kuuliza ni amplifaya ipi kati ya hizo mbili iliyoacha mabaki madogo zaidi. Kwa namna Carver alivyolazimika kuishusha, nina hakika ni ile ya bei ndogo.